Ukingo wa Gome

Waliukata mjakaranda Jumanne, kupisha mtaro.
Vijana wa manispaa wakauacha vipande vipande
kando ya barabara iendayo Walukuba.
Wachoma mkaa walishachagua matawi.
Mimi nikachukua gogo moja, fupi kama kigoda,
nikapanda nalo bodaboda, nimelikumbatia
mpaka nyumbani. Blauzi ikalowa maji yake.

Tenywa, ninayemfundisha kazi, akalichungulia:
"Mama Kagoya, mti huu hauna sura."
Kweli. Mweupe kama uji wa mgonjwa,
hauna mistari, hauna moyo mweusi,
hata fundo moja la kusimulia jambo hauna.
Watu wa hoteli wanataka mvule,
kitu kinachong'aa hata kabla ya kupakwa nta.

Nikamwambia, washa mashine.

Kerezo langu lilikuwa kinu cha kusaga mahindi:
mota ile ile, mkanda ule ule ulioungwa mara tatu.
Asubuhi za mvua bado linanuka unga.
Gogo likaanza kuzunguka, ukuta ukatetemeka,
likanitemea maji usoni,
maranda yakatoka marefu, mabichi,
yakaning'inia mabegani kama tambi.

Sasa sikiliza, nikamwambia, hapa macho hayafai.
Gome nimelibakiza liwe mdomo wa chombo,
na gome halijui duara.
Linapanda huku, linashuka kule.
Likizunguka hulioni, ni ukungu tu,
na patasi inakata mti, inakata hewa,
mti, hewa, mti, hewa,
tak tak tak tak.
Ukiisukuma wakati wa hewa, mti ukirudi
utakuja na kidole chako.
Akakitazama kidole changu cha shahada, nusu yake iliyobaki.
Nikamwacha atazame.
Usiisukume. Isubiri.

Saa tisa umeme ukakatika.
Na bwawa liko hapo tu, ng'ambo ya daraja!
Ukungu ukapunguza mwendo, ukawa kivuli,
kivuli kikawa vilima viwili vya gome na mabonde mawili,
vikasimama mbele yetu polepole
kama mtu aliyesahau alichokuwa anakimbilia.

Mti mbichi hausubiri umeme.
Ukilala na unene huu, alfajiri utaukuta umepasuka.
Tenywa akavua shati,
akashika gurudumu kubwa la kinu kwa mikono miwili,
akazungusha, akazungusha,
nami nikikwangua ndani, kidogo, kidogo tena,
tochi ya simu nimeiegemeza nyuma ya ukuta wa chombo.

Hapo ndipo mti usio na sura
ulipopitisha nuru:
kwanza rangi ya chai ya maziwa,
kisha ya sikio la mtoto aliyesimama mlangoni
jua likiwa nyuma yake.
Gurudumu likasimama.
Zungusha, mwanangu, nikasema, bado chini ni nene.

Jioni kipande cha gome kikabanduka, kidogo kama ukucha.
Tukakitafuta kwenye maranda, tusikione.
Tenywa akaleta kopo la kiwi ya kahawia.
"Tukipake. Tuseme mvule.
Kufika Jumamosi kitakuwa kimeshanunuliwa."
Nikafikiria karo ya Kagoya, muhula ulivyobakiza siku nne.
Nikalifungua kopo. Nikalinusa.
Nikalifunga.

Hakihifadhi maji, kinavuja kama kikapu.
Kagoya aliporudi kutoka kwa shangazi yake Kakira
alikuja na maua ya miwa, mabua matatu,
akayatia humo bila kuuliza:
weupe ndani ya weupe, na ule mdomo mweusi
wenye pengo la jino.
Kinakauka dirishani. Kila wiki kinapinda kidogo,
kama kinageuza shingo kuangalia barabarani.

Yule wa hoteli alikuja Alhamisi.
Akakizunguka mara mbili, mikono mgongoni,
akauliza bei ya kigoda nilichokiwekea.